Mchezo Uliokwama Arafa

Nikiulizwa nilifanya kazi gani ujanani, husema nilikuwa seremala, na mtu huridhika akaendelea na mambo yake. Jibu la kweli linachosha. Nilikuwa mtunga michezo ya ubao. Mji wa Kale mzima haukuwa na mtu mwingine wa kazi hiyo, na sababu yake ilikuwa wazi: haikuwa kazi. Hivyo ndivyo alivyosema baba mkwe, na kwa muda mrefu nilimchukia kwa kusema kweli.

Baba yangu alichonga milango na marufaa ya kusomea Kurani. Mimi nilianzia kwenye bao. Kuchonga bao kunataka mkono mtulivu, kwa sababu mashimo yasipolingana kina, lile refu huficha kete, na mwenye ubao humwibia mgeni hali amekaa kitako anatabasamu. Nililijua jambo hilo tangu utotoni, na labda ndilo lililoniharibu. Wenzangu walipotazama bao walitazama nani ameshinda. Mimi nilitazama ubao wenyewe umefanya nini hata yule akashinda.

Kisha vikaja vita. Mbao za mchezo wa keram zilizokuwa zikitoka Bara Hindi hazikuonekana tena, na magogo mazuri ya kwetu yakawa yanakwenda bandarini kwa kazi za serikali. Nilichoweza kupata ni mbao za masanduku yaliyovunjika, kutoka magodauni ya mizigo ya Shimanzi, nyembamba na zenye matundu ya misumari. Ubao wa namna hiyo hauchongeki shimo. Basi nikaanza kufikiria mchezo wa kuchora badala ya kuchonga, mchezo wa ndia, yaani njia, na vituo vyake, ambao mtu atarusha kete na kusogeza.

Wakati huo meli za mahujaji zilikuwa hazipatikani. Kila baraza ulilopita ungewasikia wazee waliojaliwa kwenda zamani wakiisimulia safari ile kituo kwa kituo: Aden, karantini, joto la Jidda, mahema ya Mina. Waliokuwa bado hawajaenda walisikiliza kwa uchungu wa mtu aliyefungiwa mlango. Nikasema moyoni, kama hawawezi kwenda kwa chombo, nitawapeleka kwa ubao. Niliona ni jambo jema kabisa. Niliona hata nitapata thawabu.

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Baba yake, mfanyabiashara wa samli na tende na mtu wa safu ya mbele msikitini, alikuja asubuhi moja akanywa kahawa yangu, akatazama ukutani nilipotundika patasi zangu, na akaniuliza habari za kazi. Nikamweleza mchezo. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akanena maneno ambayo hata leo sijayasahau.

“Kuya kwetu kuzaa ni ada,” alisema. “Kurudi si ada. Kurudi ni mimi nione kwamba mwanangu ana mume mwenye kazi. Nakupa mpaka Idi.”

Mkwe hajibiwi. Lakini tangu siku hiyo nilichora nikiwa na roho mkononi. Kama mchezo ungeuzika mwezi wa Ramadhani, wakati watu wanapotafuta cha kuwapitishia alasiri za saumu, mke wangu angekwenda kwao akazaa na akarudi na mtoto. Kama haukuuzika, sikuwa na mbele wala nyuma.

Sasa niseme namna tulivyofanya kazi, kwa maana nasema “tulivyo” si kwa mapenzi tu. Mimi nilichora na kuchonga mahujaji wadogo wa mti. Mke wangu aliua. Kila siku baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka karakanani, nyuma ya pazia, akakaa upande wa pili wa ubao, na akacheza kwa nia moja, kuutafuta ugonjwa wa mchezo. Hakuwa na huruma hata kidogo. Niliwahi kushinda wiki nzima ninachora ndia yenye visima na dhoruba, yeye akacheza mara moja, akaniambia kwamba mtu anaweza kukaa Aden siku zote na asishindwe kamwe, na akaenda kuanika nguo. Majirani walisema mume huyu hana haya, anacheza na mkewe mchana kweupe. Waseme. Sijapata kufanya kazi na mtu hodari zaidi.

Ugonjwa mkubwa wa mchezo wetu ulikuwa mmoja, na sidhani kuna mtunga michezo asiyeujua. Aliyetangulia hafikiwi. Mtu akipata kete nzuri mwanzoni, basi, mbio zimekwisha, na aliyebaki nyuma anaendelea kurusha kwa heshima tu, kama mtu aliyekaa kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Mchezo ulikuwa unakufa Jidda, na kutoka Jidda hadi mwisho tulikuwa tunaubeba maiti. Tulijaribu kumtia wa mbele maradhi. Tulijaribu kumpotezea mzigo. Kila dawa ilileta ugonjwa mwingine, na Ramadhani ilikuwa inakuja.

Siku moja nikapata, au nilidhani nimepata. Arafa husimamwa na mahujaji wote kwa pamoja, hakuna anayehiji peke yake. Basi nikaweka sharti: wa kwanza kufika Arafa asimame hapo, asisogee, mpaka wenziwe wote wawe wamemfikia. Nilifurahi nikaona ni dini yenyewe imenifundisha. Mke wangu alicheza mara kadhaa, akaviweka chini vile vikete vya simbi tulivyokuwa tukirusha, akatikisa kichwa.

“Umemfunga wa mbele,” alisema. “Wa nyuma hukumsaidia. Mtezo bado.”

Nilikasirika. Nilimwambia hana subira, nilimwambia anataka ukamilifu ambao hata vitu vya Ulaya havina. Ukweli ni kwamba niliogopa. Siku zilikuwa zimebana, na mwenye duka mmoja Muhindi wa barabara kuu, Mwislamu mpole aliyekuwa akiniuzia mabao, alishauona ubao na akaupenda, na alitaka kuuweka dukani mwake Ramadhani ikiandama. Akasema angechukua kila utakaokuwa tayari. Haraka haina baraka, naam, hilo nalijua, nilifundishwa kama watu wote. Lakini mtu anayezama hakai kuchagua ubao wa kushika.

Nikafanya kazi kama mwendawazimu. Nilipiga randa mbao za Shimanzi, nikaziba matundu ya misumari, nikapaka rangi, nikaandika majina ya vituo kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko niliofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani. Mwisho wa ndia nilichora Nyumba tukufu, na chini yake nikaandika jina la Nyumba hiyo, lenye jina la Mungu ndani yake, kwa wino wa dhahabu. Mke wangu aliniwekea gundi motoni. Alikuwa mzito sasa, akitembea ameshika kiuno. Nilimwambia tutaurekebisha baada ya Idi. Akaitikia vizuri, na nikajua hakuniamini.

Siku za kwanza za Ramadhani mwenye duka aliuweka ubao mmoja kwenye baraza lake ili watu waujaribu. Walijaa. Nilipita upande wa pili wa barabara nikijifanya ninakwenda zangu, na nikasikia vicheko, nikaona vijana wameinama na wazee wamesimama nyuma yao wakiwaongoza. Nilirudi nyumbani mbio. Nilimwambia mke wangu, umeona? Akasema alhamdulillahi, na safari hii nilidhani imemtoka moyoni.

Baada ya hapo alikuja mwalimu. Ndiye aliyenifundisha kusoma, mzee mwenye sauti ya chini ambaye hakuwa na desturi ya kuingia karakanani kwa mtu. Alinisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, za afya, za saumu, moja moja, na kila aliponiuliza nilizidi kujua kwamba hakuja kwa hayo. Kisha akakaa juu ya kigoda changu na akanieleza yaliyotokea barazani pale. Kijana mmoja alikuwa ametangulia wenzake kwa mbali. Akafika Arafa, akasimamishwa. Wenziwe walipoona hivyo, wakafanya kusudi kukawia nyuma, wakimcheka, na yeye akarusha na kurusha bila kusogea, tumbo tupu, jua kali. Mwishowe akaupiga ubao kofi na akapalaani mahali pale. Akapataja kwa jina.

“Habari za dadu na kete wanavyuoni wamezizungumza, na mimi nisingekuya kwa hilo,” alisema mwalimu. “Lakini yeo mtu mwenye saumu ameilaani Arafa mbele ya watu, na aliyemfikisha hapo ni wewe.”

Kilichonichoma zaidi ya aibu ni kwamba hili nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Mchezaji hulaani mahali anapokwama. Tangu mdogo nimesikia watu wazima, watu wa heshima, wakilitukana shimo la bao kana kwamba lina mama. Hiyo ni tabia ya mchezo wowote duniani, na mimi, fundi wa michezo, nilichukua mahali ambapo watu hulia machozi wakiomba kufika, nikapafanya mahali pa kukwama. Mke wangu aliona kwamba sharti lile halifai. Hakuona kwa sababu hii, lakini aliona.

Mwenye duka alinirudishia mbao zote siku ileile. Hakunigombeza. Alisema yeye ni mtu wa biashara na anaishi na watu, na akanisaidia kuzipakia kwenye rikwama la kukokota.

Nilikuwa na mbao ambazo haziuziki na hazitupiki. Kuzichoma nisingethubutu, yale majina yalikuwa juu yake. Nikaamua kuzipiga randa moja moja, niutoe mchoro wote, ili angalau nibaki na mbao. Lakini maranda, yale maganda yanayotoka kwenye mbao, nayo yalikuwa na majina. Kila nilipopitisha randa, lilitoka ganda jembamba lililojikunja, na ndani ya mkunjo kulikuwa na kipande cha neno tukufu kwa rangi ya dhahabu. Yasikanyagwe, yasichomewe chungu, yasifagiwe kwa ufagio. Yalitakiwa yakusanywe kwa mkono na kutoswa baharini, kama tulivyofanya na karatasi kuukuu za chuoni.

Na upepo wa alasiri ukaingia mlangoni ukayatawanya. Mke wangu akapiga magoti. Nilimkataza, nikamwambia akae, na yeye akasema mikono miwili haitatosha, watu wanapita hapo nje. Tumbo lake lilikuwa karibu kugusa sakafu. Alikuwa akiokota chini ya meza ya kazi, kwenye vumbi, maranda moja baada ya jingine, akayaweka katika ukingo wa leso. Tulikuwa katika hali hiyo, mimi nimeshika randa na yeye amepiga magoti miguuni pangu, baba yake alipoingia.

Alikuwa ameshasikia msikitini. Alitazama mbao, akatazama chini. Nilifungua kinywa nimweleze kwa nini binti yake yuko chini, na nikaona kwamba maelezo yangekuwa mabaya kuliko alichokiona.

“Ondoka, mwanangu,” alisema. “Twende zetu.”

Mke wangu aliinuka polepole ameshika mguu wa meza. Maranda aliyokuwa nayo hakuyaweka mezani. Aliyatia viganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake, akavaa buibui akatoka nyuma ya baba yake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa nimesimama na ngumi mbili zilizofungwa ambazo nisingeweza hata kujifutia machozi.

Idi ile sikuvaa nguo mpya. Nilikwenda kuswali, nikapeana mikono na watu ambao walinipa ncha za vidole, nikarudi nikafunga mlango. Nilijaribu kufanya kazi. Niliondoa vituo vyote vya Hijazi nikachora safari ya reli kwenda bara, yenye stesheni na madaraja, ambayo mtu angeweza kuilaani apendavyo. Lakini ugonjwa ulikuwa palepale, wa mbele hafikiwi, na sikuwa na wa kucheza naye. Nilicheza pande zote mbili. Nilirusha kete za huyu, nikazunguka nikakaa upande wa pili nikarusha za yule, na mchezo huwezi kuujaribu hivyo, kwa sababu huwezi kujifichia nia yako mwenyewe. Nilimhitaji yeye aniue. Kuna siku niliongea naye kwa sauti, nikamuuliza wa nyuma tumfanyeje, na nikajisikia nikaogopa akili yangu.

Mtoto alizaliwa kwao. Aliyeniletea habari alikuwa mama mmoja jirani yao: msichana, wote wazima. Nilikimbia na viatu mkononi. Nilipofika niliambiwa barazani kwamba mzazi amelala, na kwamba mtoto ameshaadhiniwa. Ni haki ya baba kumsomea mwanawe adhana sikioni, liwe ndilo neno la kwanza analolisikia duniani. Alikuwa ameisoma babu yake. Nilipewa kahawa nikainywa. Sijui nilirudi nyumbani kwa ndia gani.

Siku chache baadaye nilikwenda Shimanzi kuomba kazi. Karani alipoona mwandiko wangu alinichukua papo hapo nipige chapa masanduku: alama ya mwenye mali, jina la bandari, neno la kuonya kwamba kuna vioo ndani. Nilisimama godaunini tangu asubuhi mpaka jioni na mkebe wa rangi nyeusi, ninaandika majina ya miji kwenye mbao zilezile nilizokuwa nikizisubiri zivunjike. Wenzangu walinisifu mkono. Ilikuwa kazi ya halali, ilikuwa na mshahara, na nilikuwa nikiamka kila siku nikitamani kusingekuwa kumepambazuka.

Arubaini ya uzazi ilipotimia, nilivaa kanzu safi nikaenda kwa baba mkwe. Alikuwa barazani na jamaa wawili wa makamo. Nikamwambia nimepata kazi, nikamwambia ni wapi. Alifurahi, na nitakuwa mwongo nikisema alifurahi kwa ubaya. Alinikalisha karibu yake. Kisha akasema ana neno moja tu, nalo si la kunidhalilisha, ni la kumpa yeye usingizi. Alitaka niape kwamba sitatunga mchezo tena, wala sitauchora, wala sitauzungumza nyumbani mwangu.

Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mungu mbele ya wale jamaa wawili, haraka, kabla hajabadili nia, kama mtu anayepokea maji. Ningeapa lolote. Wanawake walikuwa ndani na mtoto, na hakuna aliyetusikia.

Mke wangu alitoka na buibui, amembeba binti yetu, na tukaenda kwa miguu kwa vichochoro mpaka nyumbani, mimi mbele na yeye nyuma, nikigeuka kila hatua kumtazama yule mtoto. Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa na hofu ndani yake, nikidhani mtu atatuita turudi. Tulipofika alimlaza mtoto, akavua buibui, akatazama karakana. Nilikuwa nimeifagia. Akatandika mkeka palepale pa siku zote. Akaenda jikoni akarudi na kipande cha mkaa, akapiga magoti akaanza kuchora kwenye sakafu, na niliitambua ndia kabla hajaimaliza. Aliiacha Hijazi mbali, hapakuwa na jina lolote, lakini ilikuwa ile yetu. Uso wake ulikuwa umechangamka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mimba ianze kumlemea.

“Wa nyuma nimempatia ndia,” alisema. “Siku zote nilizokaa kule nilikuwa nateza na ndugu zangu. Hafungwi mtu. Ndoo hapa ukae nikuonyeshe.”

Nikamwambia asinionyeshe.

Alidhani ninafanya mzaha, akasogeza mkaa. Nikamshika mkono. Nikamweleza nilivyoapa, mbele ya nani, na kwa nini. Alinisikiliza akiwa bado amepiga magoti. Kiapo kina kafara yake, mtoto yeyote wa chuo anajua: unalisha maskini, ukishindwa unafunga, na umefunguliwa. Nililifikiria hilo palepale, na nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. Kafara ingenitoa kwa Mungu. Isingenitoa kwa baba yake, ambaye angekuja siku hiyohiyo kumchukua, na safari hii angechukua wawili, yeye na mtoto.

“Uliapa,” alisema, “na mimi sikuulizwa.”

Akalaza kiganja juu ya sakafu akaifuta ndia ile, kutoka mwisho kurudi mwanzo, bila haraka. Kisha mtoto akalia, akaenda kumnyonyesha na mkono wake mweusi kwa mkaa. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, kwa wema, tukazaa wengine. Sasa ametangulia mbele ya haki, na jinsi alivyomsaidia wa nyuma sikuijua.